Mashamba Chini ya Kitanda cha Nyanya

Jumapili iliyopita, rafiki yangu, nilijikuta ndani ya ukumbi mmoja katikati ya London, kwenye maonyesho ya karatasi kuukuu. Unayajua mambo hayo: ramani, stempu, postikadi, barua za mapenzi za watu waliokwisha kufa. Sikuwa na shida ya kitu chochote, nilikuwa nimekimbia mvua tu. Nilipofika meza ya tatu pua yangu ikashika harufu fulani, miguu ikasimama yenyewe kabla akili haijajua sababu. Ilikuwa harufu ya ngozi ya mnyama iliyokaushwa ikaandikwa wino, yenye chumvi kidogo na moshi kidogo. Mwenye meza, kijana mwenye miwani, aliniona nimeinama akafungua jalada lake la plastiki. Akaniambia kwa Kiingereza chake kilichonyooka kwamba hii ni hati ya shamba ya Amerika ya zamani, imesainiwa na rais kwa mkono wake mwenyewe. Nami bila kufikiri nikamwuliza, "Na mwenye shamba yuko wapi?"

Kijana wa watu akalifunga jalada lake taratibu. Simlaumu. Swali lile halikuwa langu, lilikuwa la nyanya yangu, na mara ya kwanza kulitafsiri kwa Kiingereza nilikuwa na miaka minane. Nikatoka nje, nikakaa kituo cha basi, mabasi matatu yakapita nisiyapande. Nilikuwa nimerudi Tottenham ya utotoni.

Tulikaa ghorofa ya sita, katika jengo la kaunsili, serikali ya mtaa, ambalo lifti yake ilifanya kazi ilipojisikia. Tulikuwa watatu: mama, nyanya na mimi. Tulitoka Kivu hivyo hivyo watatu, mimi nikiwa mgongoni, tukala miaka ya kambini kabla ya kufika Uingereza. Mama alisafisha ofisi alfajiri na mchana akawahudumia wazee wa watu, kwa hiyo aliyenilea ni nyanya. Ndiye aliyenisuka, akanipeleka shule kwa miguu kwa kuwa hakuyaamini mabasi, na kunipikia. Nikifumba macho hivi sasa naisikia sufuria ya maharage ikitokota tangu asubuhi, dirisha limejaa mvuke, na chini kabisa basi linashusha pumzi kituoni. Nyumba nzima ilinuka sombe, ndicho kisamvu, na sambaza, vile vidagaa vya kwetu, za kukaanga. Jirani wa juu hakuipenda harufu ile, lakini alikuwa mtu wa adabu, alifungua madirisha yake akanyamaza.

Jumamosi nyanya alikwenda kwenye ukumbi mmoja karibu na barabara kuu ambamo watu waliuza vitu vilivyokwisha kutumika. Alikwenda kwa ajili ya sufuria nzito, zile ambazo Wazungu walikuwa wamezichoka. Siku moja alipita meza ya mzee mmoja mwenye kofia ya sufi, akaweka kidole juu ya karatasi fulani, na kidole hakikuondoka.

"Hii ni ngozi," akaniambia. "Ya mbuzi ao ya kondoo. Umuulize ni ya nini."

Mzee wa karatasi alifurahi kupata mtu wa kumweleza. Alisema zamani, Amerika ilipokuwa nchi changa, serikali yake iligawa mashamba, na kila aliyepata shamba aliandikiwa hati kwenye ngozi. Marais wa mwanzo walikaa kitako wakazisaini wenyewe, moja baada ya nyingine. Baadaye mashamba yakawa mengi, rais akachoka, ikapitishwa kwamba katibu amwandikie jina lake. Hii hapa ilikuwa ya rais mwenyewe. Nilimtafsiria nyanya kwa jinsi nilivyoweza. Aliipapasa ile hati pembeni, palipobandikwa muhuri mweupe wa karatasi, kisha akauliza, "Na mwenye shamba iko wapi?"

Mzee akacheka. Akasema hajui, hayo ni mambo ya karibu miaka mia mbili. Nyanya hesabu ya miaka haikumwingia, au hakutaka imwingie. Yeye aliona jambo moja tu: kuna mtu ana shamba, na karatasi ya shamba lake iko hapa kati ya vijiko na saa zilizokufa, mbali naye. Kwetu mtu hatengani na karatasi ya shamba kwa kupenda. Huyu alikimbia, kama sisi.

Lazima nikueleze desturi, la sivyo utamwona nyanya mwendawazimu. Kwetu vita vilipokaribia, hawakukimbia watu wote siku moja. Aliyetangulia kuondoka aliiacha karatasi ya shamba kwa jirani aliyebaki, maana njiani kuna vizuizi, na askari akikukuta na karatasi ataichana au ataichukua. Jirani akiondoka naye, anaibeba au anaikabidhi kwa mwingine. Hakuna kuandikiana. Unapokea, unaitunza, mwenyewe akirudi unampa. Ndivyo nyanya alivyoinunua ile hati ya kwanza. Hakununua kitu cha kale. Alimpokelea mtu amana yake.

Jina la mwenye shamba lilikuwa Jacob. Nyanya akalipokea kwa mikono miwili. "Yakobo! Ni mutu wa Mungu." Na hapo, rafiki yangu, ndipo tulipopotea kabisa, kwa sababu Wamarekani wa zamani walipenda sana majina ya Biblia. Baada ya Baba Yakobo akaja Baba Elia, akaja Baba Obadia, akaja Baba Ezekieli ambaye ngozi yake ilikuwa imeliwa na panya pembeni. Kila alipokuta jina jipya nyanya aliona ni mwana wa kanisa mwingine aliyefukuzwa. Kitenge cha Pasaka alikisahau, viatu vyake akavishona mwenyewe. Katika miaka mitatu chini ya kitanda chake palikuwa na mashamba kumi ya Ohio, yamelazwa ndani ya sanduku, kati ya vitenge.

Wale wakusanyaji wengine, wazee wenye vioo vya kukuzia mkononi, walimjua wakamwogopa kidogo. Wao walitafuta marais. Walisogeza pua mpaka kwenye wino, wakabishana kama saini ni ya mkono wa rais au ya katibu. Nyanya alitaka kujua mkulima ni nani. Siku moja mzee wa karatasi alimwekea hati nzuri kuliko zote, saini ya rais nyeusi tititi, ila palipotakiwa jina la mwenye shamba palikuwa wazi. Nyanya aliisukuma. "Hii haina mwenyewe. Nitamuwekea nani?" Siku nyingine akaletewa ambayo shamba lilitolewa kwa askari, kama ahsante ya vita. Niliposoma neno askari alivuta mkono upesi. "Askari haibiwi shamba," akasema, na hakutaka hata kuigusa tena. Wazee walicheka, nami nilitamani sakafu inimeze.

Nyumbani hati zile zilikuwa na maisha yao. Wakati wa baridi, kaunsili ilipofungulia joto, ngozi zilikauka zikajikunja pembe. Nyanya hakuzipiga pasi, hakuzibana kwa vitabu. Jumamosi alizitandika juu ya meza wakati maharage yanachemka, na mvuke ulipojaa chumba ziliachia taratibu zikalala. Nilikaa chini ya meza ile nikila ganda la ugali lililobandukwa kwenye sufuria, nikisikiliza zinavyotoa mlio mdogo mdogo juu yangu. Zikishalala alisimama akaombea kila moja kwa jina. "Bwana, umukumbuke Baba Yakobo, popote alipo, na bibi yake na batoto. Umurudishe kwenye shamba lake." Mimi nikaitikia Amina, tena kwa moyo wote.

Nilikuwa naamini. Niliamini hata wako hapa hapa London, wamekuja kuomba hifadhi. Ndani ya treni niliwatafuta. Mzungu mwenye ndevu ndefu aliyesinzia na mfuko wake wa bidhaa alikuwa Baba Obadia bila shaka. Baba Ezekieli nilimwona mara mbili kituo cha Stratford, akiwa amevaa koti la njano la wajenzi. Na nilimpenda kuliko wote Mama Hana, mwanamke pekee katika sanduku, ambaye hati yake ilisema ni mjane. Nilimpa uso, nikampa kikapu, nikamfanya alie kidogo kila akiona mahindi sokoni. Sijui kama watoto wa siku hizi wana nafasi ya kuota namna ile. Mimi nilikuwa nayo tele.

Jumapili moja, nikiwa na miaka kumi hivi, kanisa letu lilitembelewa na kwaya ya kanisa la Barking, ng'ambo ya pili ya London. Kanisa letu lilikuwa juu ya karakana ya matairi, viti vya plastiki, ngoma mbili na kinanda. Kwaya iliingia ikiimba, akina mama wamevaa kitenge sare, na katika mstari wa nyuma alikuwamo mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Mkono wa nyanya ulinibana vidole mpaka nikaguna. Alininyanyua tukatoka kabla ya mahubiri, tukashuka ngazi, akanivuta mkono mpaka nyumbani. Tangu siku hiyo tukahamia kanisa jingine, la mbali, lenye Kifaransa kingi na maombi marefu. Mama aliuliza sababu mara mbili. Nyanya alisema kinanda cha kule kinamwumiza kichwa.

Mwaka uliofuata mwalimu wetu alituambia kila mtoto alete kitu cha zamani kutoka kwao. Nyanya alifikiri siku nzima, kisha akanipa Mama Hana, amefungwa ndani ya kitenge. "Ule ni mama mutulivu, hatakusumbua," akasema. "Lakini urudi naye." Darasani mwalimu alivaa miwani akaishika hati kwa ncha za vidole. Alikuwa mwalimu mwema, sitamsema vibaya. Alionyesha darasa saini ya rais, akaonyesha muhuri. Kisha akauliza: kabla rais hajasaini, nani alikaa pale? Sisi tukasema hakuna. Akasema walikuwapo watu, wengi, wenye vijiji na mashamba ya mahindi, na walifukuzwa ndipo ardhi ile ikakatwa vipande ikagawiwa. Nilirudi nyumbani nimembeba Mama Hana, naye alikuwa mzito kuliko asubuhi.

Nilimweleza nyanya akiwa anachambua mboga za lengalenga. Aliacha kuchambua.

"Mbele ya Mama Hana kulikuwa batu pale?"

"Ndiyo, Nyanya. Mwalimu anasema wengi."

"Balilima?"

"Mahindi. Na maboga."

"Baliandikiwa karatasi?"

"Hapana. Walifukuzwa kwanza, halafu rais akasaini."

Nyanya alizima jiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mboga zikiwa mezani. "Basi lilikuwa shamba," akasema. "Bila karatasi, lilikuwa shamba." Akaenda kukaa kitandani kwake, juu ya sanduku lile, na mimi nikamfuata kwa sababu niliogopa. Nilidhani nimemvunjia watu wake wote kumi kwa mara moja.

Hapo ndipo aliponiambia. Wakati wa vita jirani yake mmoja, rafiki wa kuteka naye maji tangu ujana, alitangulia kuondoka akamwachia karatasi ya shamba lake. Nyanya aliifunga ndani ya plastiki akaivaa kifuani. Baadaye tulikimbia nasi, tukaingia msituni, mvua ikanyesha siku tatu. Mimi nilikuwa na miezi michache. Asubuhi ya siku ya nne nilikuwa nimeacha kulia, midomo imegeuka rangi, mama ananipulizia pumzi usoni. Mtu mmoja alikuwa na kiberiti, lakini kuni zote zilikuwa maji. Vitu vikavu vilikuwa viwili tu katika mzigo wetu, karatasi ile na Biblia ya nyanya, vyote ndani ya plastiki moja. Nyanya alitazama kimoja akatazama kingine. Akachoma karatasi. Moto ukashika, nikapata joto, nikalia.

"Biblia nilikuwa nayo," alirudia, kwa kuwa hilo ndilo lililomla. "Sikushoma yangu. Nilishoma ya mutu." Na yule mutu ndiye mwanamke mrefu wa kwaya ya Barking.

 Nilimwuliza kwa nini basi alikimbia kanisani. Akajibu kwamba miaka yote ile alijidanganya kuwa akitunza karatasi za watu wengine, Mungu ataona ameirudisha ile moja. Sasa mwalimu wangu amemwonyesha watu waliofukuzwa bila hata karatasi ya kutunziwa. "Bale, hakuna kitu naweza kubatunzia," akasema. "Banangoja tu mutu abaambie kweli." Akafuta uso kwa ncha ya kitenge, akaenda kuwasha jiko tena.

Alimpigia mchungaji simu akapata anwani. Jumamosi tukatoka, treni mpaka Stratford, kisha basi, nyanya akishikilia nguzo kwa mikono yote miwili na midomo ikiomba. Mapajani mwake, ndani ya kitenge, alikuwa na Mama Hana. Nilimwuliza wa nini. Akasema huendi mikono mitupu kwa mtu uliyempotezea kitu, unapeleka cha aina ile ile. Amepoteza karatasi ya shamba, anapeleka karatasi ya shamba, tena iliyosainiwa na rais mwenyewe, si katibu. Kwa akili yangu ya miaka kumi na moja niliona ni jambo la haki kabisa.

Yule mama alifungua mlango, akapiga ukelele uliowatoa majirani. "Uko muzima! Balisema ulikufa!" Walikumbatiana wakalia, wakaangaliana, wakalia tena. Tukaketishwa, tukaletewa soda na mikate ya kukaanga. Waliulizana habari za waliokufa, mmoja mmoja. Na katika mazungumzo hayo yote nikaona macho ya yule mama hayatoki mapajani mwa nyanya, kwenye lile furushi. Mwishowe akatabasamu, tabasamu ambalo hadi leo sijalisahau.

"Nilijua," akasema. "Nilibaambia batoto wangu kila siku. Shemeji yangu amekamata shamba, anasema tuonyeshe karatasi. Nikabaambia, karatasi iko, iko na ule mama, siku moja ataileta."

 Nilitaka kusema kitu, chochote, nimwage hata soda. Nyanya hakuwa na njia. Alilifungua furushi polepole, na mezani pakalala Mama Hana wa Ohio, na muhuri wake mweupe na Kiingereza chake cha madaha. Yule mama alivaa miwani. Aliisoma, akaigeuza nyuma, akaisoma tena.

"Hii ni ya nani?"

"Ni ya mujane mumoja wa Amerika," nyanya akasema, sauti imekwisha. "Yako niliishoma. Nisamehe, dada. Niliishoma porini, siku ya mvua, mutoto alikuwa anakufa."

  Kisha yule mama akauliza swali moja, na nyanya alikuwa analijua hata kabla halijatoka.

"Biblia yako ulikuwa nayo?"

"Nilikuwa nayo."

"Na bado uko nayo."

"Niko nayo."

Yule mama akanigeukia. Alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, muda mrefu, bila upendo wowote. "Basi hili njo shamba langu," akasema. Akanyanyuka akaingia jikoni, tukasikia bomba la maji likitiririka bure. Aliporudi alikuwa ameifunga ile mikate iliyobaki kwenye mfuko. Akatupa, kwa sababu mgeni hatoki mikono mitupu hata akikuvunja moyo, akasema muende muzuri. Mama Hana alibaki mezani. Njia nzima ya kurudi nyanya hakuomba, alitazama dirisha tu.

Wiki mbili baadaye simu ikalia. Alikuwa yule mama, na hakusalimu. Alimwambia nyanya, "Mulete shamba langu nilione." Nikapelekwa. Alinikagua meno, kucha, daftari za shule. Nywele zangu alisema zimeota magugu, akakaa saa tatu kuzisuka upya, akivuta kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Mwezi uliofuata akaita tena. Ikawa desturi: kila mwezi mara moja nilipelekwa Barking kulimwa. Nikipata alama nzuri alisema mwaka huu kuna mavuno. Nikileta mbaya alisema shamba halikupewa mbolea, na nyanya aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha pembeni alivumilia. Mwanzo nilimchukia. Sijui lini niliacha. Labda siku nilipougua mafua naye akavuka London nzima na sufuria ya ndizi mapajani, akasimama mlangoni anahema, akauliza shamba limepatwa na nini.

Hati ya Mama Hana aliitia kwenye fremu akaitundika sebuleni, kando ya kalenda ya kanisa. Wageni wengi, wakiona muhuri na saini, walidhani serikali imempa ruhusa ya kukaa, wakampongeza kwa machozi. Hakuwasahihisha. Nyanya naye hakununua hati nyingine tena. Zile tisa aliendelea kuziweka kwenye mvuke wa maharage na kuziombea, ila mwishoni aliongeza maneno: "Na bale balikuwa pale mbele yabo, Bwana, majina yabo unayajua wewe." Yeye na yule mama walisafiri pamoja misibani, walipika pamoja harusini, walicheka mpaka wakashikana mabega. Lakini lile neno moja, la msamaha, yule mama hakulitamka. Nyanya hakuliomba mara ya pili. Nilimwona akilingoja. Kila tulipoagana mlangoni Barking alichelewa kidogo kufunga koti, kama mtu anayengoja kuitwa arudi.

Jengo letu limebomolewa, wamejenga jingine lenye vioo. Ukumbi wa sufuria nzito sasa ni mahali pa kunywa kahawa. Mzee wa karatasi sikumwona tena, na pale juu ya karakana ya matairi hapana kanisa, pana mazoezi ya mwili. Nyanya alifariki miaka minne iliyopita, asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa mama. Nina hati zake tisa kabatini. Zimejikunja pembe, maana mimi sipiki maharage, nanunua ya kopo.

Yule mama wa Barking aliishia nyumba ya wazee, na kumbukumbu yake ikaanza kumtoka kidogo kidogo. Alisahau Kiingereza kwanza, akasahau watoto wake wawili, akabaki na Kiswahili cha Kivu na nyimbo. Mwezi uliopita, siku tatu kabla hajafa, nilikuwa nimeketi naye namlisha uji. Akanishika kifundo cha mkono akauliza mimi ni mutoto wa nani.

Nilijaribu jina la mama, nikajaribu jina la nyanya. Hakuna kilichogonga. Nikamwambia, "Mimi ni shamba lako."

Alifikiri sana. "Na karatasi yake iko wapi?"

Nikaogopa, rafiki yangu. Nikarudi kuwa na miaka kumi na moja. Lakini nyanya alikwenda mpaka Barking kwa ajili ya kusema kweli, sikuweza mimi kudanganya. "Ilichomwa," nikasema.

Alinipapasa mkono, kwa upole ambao hakuwa nao alipokuwa mzima. "Haina neno," akasema. "Kulikuwa baridi."

Kisha akafungua kinywa apewe uji. Nikamlisha mpaka bakuli likaisha, nikamfuta midomo, nikatoka nje kwenye maegesho ya magari. Nikachukua simu, nikalitafuta jina la nyanya, ambalo sikuwahi kulifuta, nikampigia.